Utafiti wa kampuni za kigeni: Mgeni njoo, lakini je, mwenyeji hupona?

KITUO cha biashara cha Rodi Kopany si mahali ambapo wataalamu wa uchumi wa dunia hupataja katika makongamano yao. Ni makutano ya barabara katika Kaunti ya Homa Bay, pale ambapo njia itokayo mjini Homa Bay kuelekea Rongo huachana na ile iendayo Ndhiwa na kuteremka hadi Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori.

Hata hivyo, mtu akisimama katika makutano hayo kwa saa chache ataona mambo matatu yanayogusa moja kwa moja mjadala ambao mataifa yanayoinukia kiuchumi yamekuwa nao kwa miaka mingi.

Ataona duka la pembejeo ambamo wakulima hununua mbegu za mahindi kabla ya mvua. Ataona mama aliyembeba mwanawe mgongoni akimpeleka kituo cha afya kuchanjwa dhidi ya malaria. Kisha ataona kibanda cha wakala wa M-Pesa, ambacho sasa ni cha kawaida kama kibanda cha mboga.

Mbegu, chanjo na huduma ya pesa kwa simu vina historia inayofanana. Katika kila kimoja kuna utafiti ambao kampuni kubwa ya kigeni iliufanyia hapa kwetu, kwa kutumia mashamba, wagonjwa au wateja wa hapa. Tofauti iko katika kile kilichobaki mikononi mwa kampuni za wenyeji baada ya utafiti huo kukamilika.

Tofauti hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa na wale wanaoamini kwamba kuwepo kwa watafiti wa kigeni nchini ni faida tosha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara ya utafiti, mwenyeji hapati nafuu kwa sababu tu mgeni amebisha hodi. Hupata nafuu pale nafasi yake inapoandikwa kabla ya kazi kuanza, na pale anapokuwa na nguvu ya kuitumia nafasi hiyo.

Kwa nini wanakuja

Zamani kampuni kubwa za kimataifa zilifanya utafiti wao karibu na makao makuu. Viwanda na maduka ndivyo vilivyopelekwa ng'ambo. Mambo yalianza kubadilika kwa kasi katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita.

Mnamo 1985, kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilifungua kituo cha usanifu mjini Bangalore, India. Mwaka 1998 Microsoft ilianzisha maabara ya utafiti mjini Beijing, China. Mkondo huo ulifika Afrika Mashariki baadaye: IBM ilifungua maabara yake jijini Nairobi mwezi Novemba 2013, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na serikali ya Kenya. Microsoft ilitangaza kituo chake cha uhandisi mwaka 2019, nayo Google ikatangaza kituo chake cha kubuni bidhaa jijini humo mwezi Aprili 2022.

Sababu za safari hiyo ni tatu. Kwanza, mtaalamu aliyehitimu Nairobi au Bangalore hulipwa kiasi kidogo kuliko mwenzake wa California, ingawa kazi ni ile ile. Pili, kampuni hutaka kulielewa soko jipya kabla ya washindani wake kulifikia. Tatu, kuna maswali ambayo hayawezi kujibiwa nyumbani kwao.

Sababu hii ya tatu ndiyo inayoifanya sehemu kama Homa Bay kuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa. Chanjo ya malaria haiwezi kuthibitishwa nchini Ubelgiji, ambako hakuna mbu wanaoeneza ugonjwa huo. Mbegu ya kupambana na gugu la Nyanza haiwezi kupimwa katika shamba la Ujerumani. Mwenyeji ana kitu ambacho mgeni hana. Suala ni iwapo anajua bei yake.

Chanjo iliyopita hapa, ikatengenezwa kwingine

Tuanze na chanjo, kwa kuwa ndiyo inayogusa maisha ya watoto wa eneo hili. Chanjo ya RTS,S, ambayo hujulikana pia kwa jina la Mosquirix, ilibuniwa na kampuni ya GSK katika maabara zake za Ubelgiji miaka ya themanini. Awamu ya tatu ya majaribio yake ilifanywa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya mataifa saba ya Afrika, ikiwahusisha watoto 15,459.

Vituo vitatu kati ya hivyo vilikuwa Kenya: Kilifi katika Pwani, na Siaya na Kombewa katika eneo la Nyanza. Wazazi waliwatoa watoto wao, wauguzi wakahesabu homa, na wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, wakaufanya uchunguzi uliohitajika ili dunia iamini matokeo.

Mnamo Septemba 13, 2019, Kenya ilizindua chanjo hiyo katika Kaunti ya Homa Bay, ikiwa nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana kuitoa katika mpango wa majaribio. Migori pia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi mwa nchi zilizohusishwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa matumizi mapana mwezi Oktoba 2021.

Hakuna atakayekana kwamba hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Ikumbukwe pia kwamba utafiti huo uliacha maabara zilizoimarishwa na wataalamu waliobobea katika taasisi za umma.

Lakini tuulize swali la kibiashara. Ilipofika wakati wa kuamua ni nani atakayeitengeneza chanjo hii baada ya GSK, jibu halikuwa kampuni ya Nairobi, Kisumu au Accra. Mnamo Januari 2021, GSK ilitia saini mkataba wa kuhamisha utengenezaji kwa kampuni ya Bharat Biotech ya Hyderabad, India.

Chanjo ya pili ya malaria, R21, ilifuata njia iyo hiyo. Ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa Burkina Faso, Mali, Bagamoyo nchini Tanzania na Kilifi, kisha ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023. Mtengenezaji wake ni Serum Institute of India.

Hali haikuwa tofauti katika dawa mpya ya kuzuia virusi vya ukimwi, lenacapavir ya kampuni ya Gilead. Mojawapo ya tafiti zake kuu ilihusisha zaidi ya wasichana na wanawake 5,300 wa Afrika Kusini na Uganda. Miongoni mwa 2,134 waliodungwa dawa hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni habari njema kwa Homa Bay na Migori, kaunti ambazo zimekuwa miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na ugonjwa huo humu nchini.

Mwezi Oktoba 2024 Gilead ilizipa kampuni sita leseni ya kutengeneza dawa hiyo kwa bei nafuu ili iuzwe katika mataifa 120. Kampuni hizo ni za India, Pakistan na Misri, pamoja na moja yenye makao Marekani. Hakuna iliyotoka katika nchi zilizo kusini mwa Sahara, hata katika zile mbili ambazo wanawake wake walijitolea.

Haitoshi kulalamika kwamba India imependelewa. India ilijiandaa. Kwa zaidi ya miongo mitatu, kuanzia sheria yake ya hataza ya 1970, iliziruhusu kampuni zake kutengeneza dawa za wengine kwa njia tofauti, hadi zikapata ujuzi na viwanda vikubwa. Utafiti wa wageni ulipokuja, ulimkuta mwenyeji aliyekwisha kujua kazi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Mbegu iliyowapa wenyeji nafasi

Sasa tugeukie duka la pembejeo. Mkulima wa Ndhiwa, Rangwe au Uriri anaijua vyema striga, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi hadi yakadumaa. Waluo huliita kayongo. Watanzania huliita kiduha. Ni adui ambaye jembe pekee halimwezi, kwa sababu mbegu zake hukaa udongoni kwa miaka mingi.

Dawa ya kuliua gugu hilo ilikuwa mali ya kampuni ya BASF ya Ujerumani. Watafiti waligundua kwamba mahindi yenye uwezo wa kuistahimili dawa hiyo yanaweza kupakwa dawa kwenye mbegu yenyewe, ili gugu life linapojaribu kujishikiza kwenye mzizi. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa BASF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya iliyojulikana wakati huo kama KARI. Mbegu ilizinduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2005, ikapewa jina lililoeleweka sokoni papo hapo: Ua Kayongo.

Jambo la kuzingatia ni jinsi ilivyofika dukani. BASF haikufungua kampuni yake ya kuuza mahindi kwa wakulima wadogo. Kampuni za mbegu za humu nchini, zikiwemo Kenya Seed na Western Seed za Kitale, ndizo zilizopewa nafasi ya kuzalisha na kuuza. Wakfu wa Teknolojia ya Kilimo Afrika, AATF, wenye makao Nairobi, ulisimama katikati kama msimamizi.

Mfumo huo ulirudiwa katika mradi wa mahindi yanayostahimili ukame ulioanza 2008 katika Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini. Monsanto ya Marekani, ambayo baadaye mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer, ilichangia mbegu zake za uzazi bila kudai mrabaha. Mahuluti ya kwanza yaliyotokana na mradi huo yaliwafikia wakulima wa Kenya mwaka 2013 kwa jina la DroughtTEGO, yakiuzwa na kampuni za wenyeji kwa leseni ya AATF.

Je, kampuni hizo zilitajirika? Si sana. Ua Kayongo haikuenea kama ilivyotarajiwa. Bei yake ilikuwa juu kwa mkulima mdogo, na aliyeishika alitakiwa kunawa mikono kabla ya kugusa maharagwe, la sivyo dawa ingeua mbegu nyingine. Isitoshe, haki ya dawa yenyewe ilibaki kwa mwenyewe.

Mbali na hayo, wadadisi wengine wana shaka kuhusu ukarimu wa aina hii. Wanasema kampuni kubwa hutoa mbegu bila mrabaha leo ili kujenga soko la kesho. Hoja hiyo ina mashiko, na ndiyo maana masharti ya leseni yanapaswa kusomwa na watu wanaoelewa sheria na sayansi kwa pamoja.

Lakini kilichobaki Kitale ni tofauti na kilichobaki Siaya. Kampuni ya mbegu iliyoshiriki iliwafunza wafanyakazi wake kazi mpya, ikazalisha mbegu kwa viwango vipya na kujenga uhusiano na wenye maduka kama yale ya Rodi Kopany. Mradi mmoja ukififia, ujuzi huo hutumika katika mwingine. Mwenyeji alikuwa mezani tangu mwanzo, hata kama hakuketi kwenye kiti cha mbele.

Pesa za simu na gharama ya kununua kilicho chako

Mfano wa tatu ni ule ambao Wakenya hujivunia zaidi, na ambao historia yake husimuliwa nusu. M-Pesa haikubuniwa na kampuni ya Kenya pekee. Ilikuwa mradi wa Vodafone ya Uingereza, uliosaidiwa kwa fedha na serikali ya nchi hiyo, na programu yake iliandikwa Uingereza.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Thika ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoteuliwa. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Watumiaji ndio waliobadilisha mambo. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao, kulipia bidhaa na hata kuhifadhi fedha wakiwa safarini. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Kwa maneno mengine, ugunduzi mkubwa zaidi wa mradi ulifanywa na wateja wa Kenya, bila mshahara.

Ila umiliki haukufuata ugunduzi. Jina na haki za mfumo huo zilikuwa mali ya Vodafone, na kwa miaka mingi Safaricom iliilipa Vodafone ada kwa kuitumia huduma iliyokomazwa na wateja wake yenyewe. Mitambo iliyoendesha huduma hiyo ilikuwa ng'ambo hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Ni mnamo Aprili 2020 tu ambapo Safaricom, ikishirikiana na Vodacom ya Afrika Kusini, ilikamilisha ununuzi wa jina na haki hizo kutoka kwa Vodafone.

Itasemwa kwamba Safaricom ilifaidika hata hivyo, na ni kweli. Wakati wa ununuzi huo serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 35 ya hisa zake na umma asilimia 25, hivyo faida iliwafikia wengi. Maelfu ya mawakala, akiwemo yule wa Rodi Kopany, hujipatia riziki kutokana nayo.

Lakini fikiria kampuni chipukizi zilizotaka kujenga huduma juu ya mfumo huo katika miaka yake ya mwanzo. Ilibidi zisubiri hadi 2017, miaka 10 baada ya uzinduzi, ndipo Safaricom ilipofungua mlango rahisi wa kuunganisha programu zao na M-Pesa, uitwao Daraja. Muongo mmoja katika teknolojia ni muda mrefu. Hilo ni sehemu ya gharama ya utafiti ambao haki zake hazikujadiliwa mapema, na sehemu yake nyingine ni ya wenyewe humu nchini wanaoshikilia soko.

Vita vya kuwania wataalamu

Kuna athari nyingine ambayo haionekani Rodi Kopany kwa macho, ingawa vijana wa eneo hili wamo ndani yake. Barabara ya Homa Bay hadi Rongo ina chuo kikuu kila upande: Tom Mboya mjini Homa Bay na Rongo katika Migori. Kijana anayehitimu sayansi ya kompyuta huko huelekea Nairobi, na huko hukuta soko la ajira lenye sura mpya.

Microsoft ilipotangaza vituo vyake vya Nairobi na Lagos mwaka 2019, ilisema ingewekeza dola milioni 100 katika miaka mitano ya kwanza na kuajiri wahandisi 500 kufikia 2023. Kwa vijana hiyo ilikuwa neema. Kwa kampuni ndogo za programu jijini Nairobi ilikuwa pia mtihani, kwani mhandisi waliyemlea kwa miaka mitatu sasa angeweza kupewa mshahara ambao wao hawangeumudu.

Wenye kampuni hizo walinung'unika waziwazi mwaka 2022, wakati Google, Microsoft na Amazon zilipokuwa zikiajiri kwa pamoja. Hata hivyo, si haki kumlaumu kijana kwa kupanda daraja, wala kampuni kwa kulipa vizuri. Swali ni iwapo wataalamu hao siku moja watarudi katika kampuni za wenyeji wakiwa na ujuzi zaidi.

Bangalore na Beijing zinaonyesha kwamba hilo linawezekana. Wahandisi waliopitia maabara za wageni walihamia kampuni za nyumbani au wakaanzisha zao, na baadhi yao wakawa viongozi wa kampuni kubwa za China. Lakini walikuwa na mahali pa kurudi. India ilikuwa na kampuni za programu zilizokuwa zikikua, na China ilikuwa na soko kubwa lililolindwa. Ujuzi ni kama maji, huhitaji mtungi.

Wakati huohuo, mgeni anaweza kuondoka. Mwezi Mei 2024 Microsoft ilifunga kituo chake cha uhandisi cha Lagos, miaka mitano tu baada ya kukitangaza, ingawa kile cha Nairobi kilisalia. Uamuzi wa aina hiyo hufanywa katika makao makuu kwa kuangalia hesabu za dunia nzima, si mahitaji ya Lagos.

Hofu ya kuwafukuza wawekezaji

Kila suala hili linapozuka, hoja moja hutolewa upesi: tukiweka masharti mengi, wageni watakwenda kwingine. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtafiti wa kompyuta anaweza kuhamia Kigali au Cairo kwa urahisi.

Mwezi Machi 2022 kampuni ya Moderna ya Marekani ilitia saini makubaliano na Kenya ya kujenga kiwanda cha chanjo cha thamani ya dola milioni 500. Mnamo Aprili 2024 ilisitisha mpango huo. Ukitazama sababu iliyotolewa, haikuwa masharti ya Kenya. Moderna ilisema haikuwa imepokea oda yoyote ya chanjo kwa ajili ya Afrika tangu 2022. Kilichoua kiwanda kile ni kukosekana kwa mnunuzi wa uhakika.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Kwa miaka mingi ilijitahidi kufikia viwango vya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2023 ikawa ya kwanza Afrika kuidhinishwa kutengeneza TLD, tembe inayotumiwa kama tiba ya kwanza ya virusi vya ukimwi. Mwaka 2025 Global Fund ilinunua dawa hiyo kutoka kwake kwa ajili ya Msumbiji, ikiwa mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua tiba hiyo kutoka kwa mtengenezaji wa Afrika.

Tembe hiyo ndiyo inayotumiwa na maelfu ya watu katika kliniki za Homa Bay. Kampuni ya mwenyeji iliweza kwa sababu ilikuwa na viwango, na kwa sababu alipatikana mnunuzi aliyekuwa tayari kuweka oda. Hayo mawili hayaletwi na maabara ya kigeni. Huletwa na uamuzi wa nyumbani.

Isitoshe, nguvu ya kujadiliana haifanani katika kila utafiti. Kwa programu za kompyuta, mgeni ana pa kwenda. Kwa malaria ya Nyanza na kayongo ya Ndhiwa, hana pengi. Ni jambo la kushangaza kwamba tumekuwa wakali pale tuliponyimwa nguvu, na wapole pale tulipokuwa nayo.

Nini kifanyike

La kwanza ni kuandika mapema. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, ina mamlaka chini ya sheria ya mwaka 2013 ya kutoa leseni kwa wanaotaka kufanya utafiti nchini. Leseni hiyo isiwe muhuri tu. Kwa utafiti wowote wa kibiashara, mwombaji aulizwe maswali matatu: ni kampuni gani ya humu itakayoshiriki, ni nani atakayemiliki matokeo, na iwapo bidhaa itafaulu, ni kwa masharti gani mtengenezaji wa Afrika Mashariki ataomba leseni ya kuitengeneza.

Mwombaji anaweza kujibu kwamba hakuna kampuni ya humu yenye uwezo. Jibu hilo nalo lina faida, kwa kuwa litaonyesha pengo lilipo miaka mitano au kumi kabla ya bidhaa kufika sokoni. Muda huo unatosha kujiandaa, na taasisi ya serikali ya Kenya BioVax, iliyoundwa mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo, ingekuwa na jambo la kulenga.

La pili ni fedha za nyumbani. Kwa muda mrefu Kenya imejiwekea lengo la kutenga asilimia mbili ya pato la taifa kwa utafiti, lakini haijafika hata nusu yake. Kampuni isiyo na mtafiti wake mwenyewe haiwezi kujifunza kutoka kwa jirani mtafiti, hata maabara ya jirani huyo ikiwa ng'ambo ya barabara.

La tatu ni ununuzi. Serikali kuu, kaunti na wafadhili hununua dawa, mbegu na programu kila mwaka. Sehemu ya oda hizo ikiahidiwa mapema kwa kampuni za wenyeji zitakazofikia viwango, benki zitakubali kuzikopesha. Mpango wa Gavi uliozinduliwa Juni 2024, unaokusudia kutoa hadi dola bilioni 1.2 kwa watengenezaji wa chanjo wa Afrika katika miaka 10, unafuata mantiki hiyo. Lakini fedha hizo hulipwa kwa aliyekwisha kuwa na kiwanda.

La nne linawahusu wenye kampuni wenyewe. Ni rahisi zaidi kuagiza bidhaa kutoka Mumbai au Guangzhou na kuongeza faida juu yake kuliko kuajiri mwanakemia. Mradi wafanyabiashara wetu wataendelea kupenda njia hiyo, hakuna kifungu cha mkataba kitakachowaokoa.

Tukirudi Rodi Kopany, tunaona kwamba mizani haijalala upande mmoja. Mtoto aliyechanjwa ana nafasi bora ya kuishi, na hilo halina bei. Mkulima ana mbegu zaidi za kuchagua kuliko babake. Wakala wa M-Pesa analisha familia yake. Utafiti wa wageni umeleta mema mengi katika makutano haya.

Lakini chanjo ile husafiri kutoka Ulaya na Asia kuja kwa watoto wa eneo ambalo majirani zao wa Siaya na Kombewa walisaidia kuithibitisha. Kizazi kijacho cha chanjo na dawa tayari kinajaribiwa katika vijiji vya Afrika Mashariki. Mikataba yake inatiwa saini leo, na ndani yake mtu ataona, akitafuta, iwapo kuna mstari unaomtaja mwenyeji. Mstari huo usipokuwepo sasa, hautaongezwa na mtu yeyote baadaye.